Kabla ya kukemea mkono wa kushoto, uliza wa kulia umepatwa na nini

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapa barua ya msomaji wa Tabora aliyelalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu, wanatoa na kupokea chenji kwa mkono wa kushoto. Nakubaliana naye. Mimi nimelelewa Ujiji na kwa kosa hilo nimefinywa masikio mara zisizo na hesabu. Ila naomba nafasi kidogo nieleze Idd niliyoila kwa mkono wa kushoto, tena ugenini.

Binti yangu ameolewa Bujumbura, huko Buyenzi. Kwa asiyepajua, Buyenzi ni kama Ujiji iliyohamishiwa Burundi: vibarazani ni Kiswahili, adhana unaisikia kila upande, na wazee wengi ukiwauliza asili yao watakutajia Ujiji au Manyema. Tofauti ni kwamba mitaa yao wanaiita avenyu na wanaihesabu kwa namba, na mgebuka wetu kwao ni mukeke. Nilikwenda Ramadhani ya mwaka 2024 kumlea binti aliyekuwa amejifungua, tukakubaliana nisirudi mpaka tule Idd pamoja. Mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Ziwa Tanganyika lilijaa likawafuata watu majumbani, kule kwao na huku kwetu.

Mfungo ukiwa umebaki siku mbili hivi, nilitoka uani na bakuli la futari nimpelekee jirani. Kandambili ikateleza kwenye tope. Bakuli nililiokoa kwa mkono wa kushoto (mwanamke wa Ujiji hamwagi futari), wa kulia nikautanguliza chini. Nikasikia mlio kama wa ukuni mkavu. Kuutazama, kiganja kimepinda kama uma uliolazwa kifudifudi.

Kitu cha kwanza alichofanya yule jirani, hata kabla ya kutafuta gari, ni kunivua pete na bangili kwa sabuni. Nilimwona katili, lakini baada ya nusu saa vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi, na kama pete ingebaki pale ingebidi ikatwe. Hospitali walizungumza Kirundi na Kifaransa. Kifaransa sikijui, ila Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Daktari aliniuliza kwa Kirundi kama inauma, nikamjibu kwa Kiha, tena kwa kelele. Wakauvuta mfupa ukarudi mahali pake, wakanifunga plasta ngumu, hili tunaloliita hogo, kutoka chini ya kiwiko hadi karibu na vidole. Nikaambiwa mkono ukae juu, usining'inie, vidole nivichezeshe, na vikigeuka rangi au vikifa ganzi nirudi usiku huo huo, nisingoje asubuhi.

Dawa za maumivu zilinilazimu kula mchana. Mkwe wangu alinikumbusha ile aya ya 184 ya Suratul Baqara, kwamba mgonjwa na msafiri watatimiza hesabu katika siku nyingine, na mimi nilikuwa vyote viwili. Ruhusa niliijua, lakini uji ule niliunywa huku machozi yananitoka, nimegeukia ukutani.

Asubuhi ya Idd mjukuu mkubwa alinimiminia maji nitawadhe, mkono wenye hogo nikaupangusa juu kwa juu. Nilisali juu ya stuli, maana kusujudu kunataka viganja viwili. Zile takbira saba za rakaa ya kwanza na tano za rakaa ya pili niliinua mkono mmoja tu, kama mtoto wa shule anayetaka kujibu swali.

Kosa lilianza na mtandio. Binti alinivalisha dera jipya na mtandio mpana, hogo lote likamezwa humo. Tulipoketi kwenye sinia la pilau nikanyoosha mkono niliokuwa nao. Bibi mmoja mkubwa, mgeni kwangu, akasema taratibu lakini wote wakasikia: "Dada, hapa tunakula kwa mkono wa kulia." Nikataka kufunua nimwonyeshe, lakini alikwisha kunigeuzia uso. Nikaurudisha mkono mapajani. Nikawa nafikiria lugha yetu: mkono wa kulia ni wa kulia chakula, jina lenyewe limeshatoa hukumu. Wazee wa zamani waliuita mkono wa kuume, na wa kushoto wakauita wa kuke. Hilo la kuke tuliache, maana litanigombanisha na wengi.

Baadaye watoto wa avenyu nzima wakaja kudai mkono wa Idd. Nilikuwa na noti za faranga 500. Nikaanza kugawa, wakubwa wakapokea na kukimbia. Akafika mmoja, sijui kama ana miaka sita, kanzu imempita urefu. Nikamnyooshea noti. Akairuhusu mikono yake irudi nyuma ya mgongo, akasema, "Bibi, huo ni wa kushoto. Mama amekataza."

Nilicheka mpaka mfupa ukaniuma. Nikaufunua mtandio. Yule mtoto akalitazama lile hogo, akanitazama usoni, akalitazama tena. Kisha akapokea noti yake kwa mikono miwili, akauliza kama anaruhusiwa kugusa. Nikamwambia aguse. Akaligonga mara tatu kama mlango, "Hodi." Nikaitika, "Karibu." Basi Mhariri, hapo ndipo nilipojitafutia kazi! Foleni ikaanza upya, kila mtoto apige hodi, hata wale waliokwisha kupewa. Kila hodi niliisikia ndani ya mfupa, na sikutaka waache.

Yule bibi alikuwa anaona. Hakuomba radhi. Alikuja na sahani, akakaa ubavuni kwangu, akafinya tonge la pilau, akanilisha kinywani kama mwali. Hatukusemezana mpaka sahani ikaisha.

Hogo nilikaa nalo wiki sita. Daktari wa hapa Kigoma alinieleza kwamba sisi wanawake tuliokoma hedhi mifupa yetu huwa imepungua uimara, na kuangukia kiganja ndiyo njia kubwa ya kuuvunja mkono pale pale nilipouvunja. Mimi ni mshonaji, na gurudumu la cherehani liko kulia. Sare za shule za watu zilichelewa, nikatukanwa kwa simu. Hata plasta ilipotoka vidole vilikuwa vigumu, nikawa nakanda unga wa chapati kila siku ili vilainike. Majirani walidhani nimefungua mgahawa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Tabora, wafundishe vijana, nami niko nyuma yako. Lakini wafundishe na lile neno la zamani ambalo silisikii tena dukani wala kwenye daladala: "Samahani, mkono wa kushoto." Na wewe unayepokea, kabla hujakunja uso, tupia jicho kwenye mkono wa pili. Wengine wamevunjika, wengine wamepooza, na yupo aliyezaliwa hivyo, akakemewa maisha yake yote.

Binti yangu ananiambia yule mtoto wa kanzu ndefu bado hapokei kitu cha kushoto hivi hivi. Anarudisha mikono nyuma, anamtazama mtu mzima usoni, anauliza kwanza: "Umevunjika?"

Mshonaji wa Ujiji,
Kigoma