Jiwe kuchomwa sio ufeki

Mhariri salamu, naomba kanafasi maana hili jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita. Mi nauza mawe hapa Arusha, biashara ndogo tu. Sasa kaja dada mmoja anatafuta jiwe la zambarau la kuvaa kwenye sendofu yake, nikamwonyesha tanzanaiti safi akaipenda, ile naandika risiti akauliza imechomwa? Nikamwambia ndio, basi akairudisha mezani kama nimempa kipande cha chupa, eti anataka orijino.

Jamani! Tanzanaiti nyingi zikitoka shimoni Mererani ni za kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, muulize mwanaapolo yeyote, yaani mchimbaji wa kule. Ile bluu yenye zambarau inakuja jiwe likishatiwa moto, nyuzi joto 500 mpaka 600 hivi, madini ya vanadiamu yaliyomo ndani yanabadilika, ukahawia unaondoka na haurudi tena. Zipo zinazotoka na bluu yake tayari ila chache mno. Sasa ukikataa la kuchomwa unataka nini, la kahawia?

Kilichoniuma zaidi, kidoleni alikuwa na pete anayoiita tanzanaiti orijino, kainunua laki tano. Nikaomba niione, nikaigeuza geuza kwenye mwanga, nikaweka na lenzi, zambarau huku, zambarau kule. Amethisto hiyo, jiwe jingine la zambarau, ile ile ya kwenye kitabu cha Ufunuo, msingi wa kumi na mbili wa ule mji mtakatifu. Tanzanaiti ukiigeuza inacheza, huku bluu huku zambarau. Sisemi amethisto ni mbaya, zamani ilikuwa inathaminiwa sawa na rubi mpaka Brazili walipoanza kuitoa kwa wingi karne ya 19 bei ikaporomoka, na hapo Zambia wanayo nzuri sana iliyoiva, shida ni kuilipia bei ya jiwe linalochimbwa sehemu moja tu duniani. Alafu cha ajabu amethisto ukiichoma inapoteza zambarau inageuka njano, ndo hizo wengi mnauziwa kwa jina la sitrini. Yaani moto ule ule, mmoja unampa rangi mwingine unamnyang'anya.

Na sio hizo mbili tu, bonde la Umba kule Tanga kuna safaya za zambarau na ganeti pia, nani anaziandika?

Ndo maana nasema na nyie waandishi. Mwaka 2020 tulisoma mabilioni ya mzee Laizer, yule mchimbaji aliyepata tanzanaiti kubwa, mpaka tukayakariri, na kabla ya hapo ukuta wa kilomita 24 kuzunguka migodi ya Mererani, sawa, ila siku mojamoja mwambieni mnunuzi aulize ni jiwe gani, limetoka wapi, limefanyiwa nini, na kama hela ni nyingi adai cheti cha maabara.

Na wewe dada kama unasoma hapa, jiwe lako sijaliuza, nakuwekea mpaka mwisho wa mwezi. Ila ukilichukua usifulie nalo, sio gumu kihivyo.

Msomaji wenu, Arusha