Viraka vimeshaungwa, sasa nini? Tunavyomalizia mifarishi midogo kabla ya baridi ya Juni

"Fundi, kazi yote nimemaliza, bado kupinda pembeni tu."

Masika yakishaanza hapa Arusha, kauli hiyo tunaisikia sana. Tukifungua mfuko tunakuta vipande vya kitenge na khanga vimeungwa vizuri kabisa, lakini ni uso peke yake, hakuna cha kati (kijazo cha kuleta joto) wala mgongo (kitambaa cha nyuma). Kwa hesabu ya kazi, hapo mteja yuko nusu ya njia. Tunaelewa inavyotokea. Kuunga viraka kunafurahisha, rangi zinaonekana zikikua mkononi, tena unaweza kufanya huku unaangalia tamthilia. Kumalizia ndiko kunakochosha, na ndiko kunakoamua kama mfarishi utadumu miaka au utakunjamana siku ya kwanza ukiingia kwenye beseni.

Hapa tunazungumzia mifarishi midogo: ya mtoto, ya kutupia miguuni, ya kuweka kwenye kochi, yenye ukubwa wa sentimita 90 kwa 110 hivi. Ya kitanda cha futi 6 tunaipokea pia, ila hiyo ina mazungumzo yake.

Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo karakana hutulia. Sare za shule za Januari zimepita, za Julai bado, na harusi nyingi husubiri mvua ikatike. Baridi ikishashika Juni, kila mtu hukumbuka mfuko wake wa viraka kwa wakati mmoja, na aliyechelewa anakuja kuchukua mfarishi wake watu wakiwa wameanza kuvua masweta. Wateja wetu wenye ndugu Uingereza na Kanada wao wana kalenda ya kinyume: huko miezi hii baridi inaondoka na miti inachipua, kwa hiyo wanaomba mfarishi mwembamba wa kukalia nje. Huo una cha kati chepesi, na huisha mapema zaidi.

Swali letu la kwanza mapokezini ni moja: vipande vilifuliwa kabla ya kuungwa? Kitenge na khanga mpya huja na wanga unaozifanya zikakamae. Wanga ukitoka, pamba nayo hujikunja. Kitambaa cha sentimita 100 kinaweza kupungua sentimita 3 hadi 5. Sasa fikiria kiraka kipya kimeungwa ubavuni na kiraka cha khanga ya bibi iliyofuliwa miaka kumi. Mfarishi ukifuliwa, cha bibi kinabaki kilivyo, kipya kinavuta, na mshono wa katikati unaanza kujikunyata. Malalamiko mengi ya "mbona umejivuta" yanatoka hapo, wala si kwenye ushonaji. Kama bado hujaunga, loweka kila kitu kwa maji ya uvuguvugu, anika kivulini, piga pasi, ndipo ukate. Kama umeshaunga bila kufua, tuambie tu. Tutalowesha uso wote kwanza na kuunyoosha upya ukiwa na unyevu, halafu tuone kama vipimo bado vinakubali.

Jambo la pili ni polista. Vitenge vingi vya bei ya chini siku hizi si pamba, hata kama muuzaji anaapa. Chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Polista huyeyuka, hujiviringa, na huacha punje ngumu nyeusi. Polista si haramu, ila haivumilii pasi ya moto, na sisi pasi tunaitumia kila hatua. Bora tujue mapema kuliko kiraka kigande kwenye pasi.

Rangi nyekundu na bluu ya kukoza huwa tunazijaribu bila hata kuuliza. Tunaweka kitambaa cheupe chenye maji juu ya kiraka na kukandamiza kwa pasi. Cheupe kikitoka na waridi, kiraka hicho kinarudi kufuliwa hadi kichoke kutoa rangi, na kisipochoka tunakushauri ukibadilishe.

Wengine huomba radhi kwamba vipande vyao havifanani. Havihitaji kufanana. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama huko Marekani, wameshona kwa vizazi mifarishi ya nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha za kazi zao. Vipande visivyolingana unene ndivyo vinavyotusumbua. Khanga iliyochakaa ikikaa jirani na kitenge kizito, khanga ndiyo huchanika. Hiyo tunaishikiza kwanza nyuma kwa bafta nyepesi iliyofuliwa.

Na khanga tukiletewa, tunauliza habari ya jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Wengi hukata miraba sawasawa na maneno yanakatikia katikati, unabaki na "MUNGU HAMT" upande huu na herufi mbili upande ule. Ukitaka maneno yabaki, usikate. Leta khanga nzima, tutatoa jina kama ukanda mmoja mrefu na kuulaza katikati, viraka vingine viuzunguke. Kwa khanga ya marehemu hilo ndilo tunalopendekeza siku zote.

Cha kati kina ubishi wake. Sufi, ambayo wengi wanayo nyumbani kwenye mito ya zamani, haifai: hutembea, ikalala kona moja, na ikilowa hukauka kwa shida. Nyuzi laini za polista zinazouzwa zikiwa shuka zima, siyo zile za kuchambuka za kujazia mito, ni nyepesi na hukauka haraka, nazo tunazitumia sana. Lakini kwa mfarishi mdogo wa baridi ya huku, chaguo letu ni blanketi jembamba la mtumba, lile laini lisilo na manyoya marefu. Limeshafuliwa mara nyingi, halipungui tena, halihami, na bei yake inajulikana. Mgongo tunaweka kitambaa cha pamba cha marekani au popelini, mkubwa kuliko uso kwa sentimita 5 kila upande.

Hapo ndipo inaanza ile kazi ambayo haionekani kwenye picha. Mgongo unalazwa mezani kifudifudi na kubanwa kwa utepe bila kuvutwa sana, cha kati juu yake, kisha uso. Tunapiga bandi kwa mkono, mishono mirefu, tukianzia katikati kwenda nje, ili hewa na mikunjo visukumwe pembeni. Wanaoruka bandi na kutegemea pini nne za pembeni ndio wanaopata mfuko wa kitambaa nyuma. Cherehani tunaifunga mguu unaovuta kitambaa cha juu na cha chini kwa mwendo mmoja, urefu wa mshono milimita 3, sindano namba 14, na kama kuna jinzi ndani namba 16. Mistari ya mshono inayoshika matabaka yote matatu tunaipitisha karibukaribu: ukiweka kiganja popote juu ya mfarishi, lazima kiguse mshono.

Pembeni sasa, pale pa "bado kupinda tu". Mfarishi wa 90 kwa 110 una mzunguko wa sentimita 400. Kwa pembe nne na kuungia, tunahitaji ukanda wa sentimita 430 hivi. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 kinatoa ukanda huo kwa vipande vinne vya sentimita 6, vikaungwa mshazari ili unene usikusanyike sehemu moja. Nusu yadi inatosha na nyingine inabaki. Ukanda unakunjwa katikati kwa urefu, unapigwa pasi, unashonwa upande wa uso. Kwenye pembe cherehani inasimama kabla ya kufika ukingoni, kiasi kilekile cha upana wa mshono. Ukanda unakunjwa kwenda juu kwa mshazari, unarudishwa chini ulingane na ukingo, ndipo mshono unaendelea. Ukishona moja kwa moja mpaka ukingoni, pembe inatoka butu. Upande wa nyuma tunamalizia kwa sindano ya mkono, na ndiyo maana bei ya pembeni tunaihesabu kwa urefu, siyo kwa ukubwa wa mfarishi.

Kwa wanaoshonea watoto wachanga: vifungo, shanga na riboni hatuweki, hata ukiomba. Na madaktari wa watoto hushauri mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilale na matandiko laini kitandani mwake. Mfarishi wake ni wa kuchezea sakafuni na wa kumfunika miguu akiwa macho, mmebeba au mmekaa naye.

Ukishauchukua, usiufulie siku ya mvua mfululizo. Kitu chenye matabaka matatu kikikaa na unyevu siku mbili kinaota ukungu, na madoa ya ukungu kwenye pamba hayatoki kirahisi. Subiri siku ya jua, ulaze juu ya kamba mbili au tatu uzito ugawanyike, badala ya kuubana kwa pini kwenye pembe.

Jina la mtoto na mwaka tunashona nyuma, kona ya chini kulia, bila malipo ya ziada. Tunaomba tu uandike mwenyewe kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Majina ya watoto wa siku hizi, ndugu mteja, hayaandikiki kwa kusikia kwenye simu.