Havana tutakwenda, ila kwa sheria za Mama

Pasiansi, Mwanza
Jumapili jioni

Adelina mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, ila mvua imetukomalia wiki nzima na barabara ya kwetu imegeuka bwawa. Barua yako imefika pamoja na zile senene. Asante sana, ingawa watoto walizimaliza kabla sijavua viatu.

Unauliza kama tuahirishe safari ya Havana. Mimi nasema hapana. Koku anavaa joho la udaktari huko Julai, na binti aliyesomea udaktari kwa mwanga wa mshumaa hawezi kuachwa apigwe picha peke yake kama yatima. Ila tukienda kwa mpango wako, hoteli ya Varadero, kwenye fukwe za watalii, halafu kuteremka hadi Santiago de Cuba, tutaumia sisi na tutawaumiza wenyeji.

Kwanza mwambie shemeji aache habari za kupitia Miami. Ni kweli ukitazama ramani ni pua na mdomo, lakini Marekani huwezi hata kubadilisha ndege bila viza yao, na watu wao wenyewe sheria haiwaruhusu kwenda Cuba kutalii tu. Viza ya Marekani ya kukaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege saa nne! Tupite Ulaya au Istanbul, na kabla hatujalipa tuwaulize wenye ndege kama bado wanatua Havana, na kama hela inarudi wakikatisha safari. Tiketi isiyorudishiwa hela sitaki hata kuisikia.

Ya makaratasi ni machache. Viza tutaulizia ubalozi wao pale Dar. Kuna fomu ya kujaza mtandaoni inaitwa D'Viajeros, ukimaliza wanakupa msimbo wa kuonyesha uwanjani. Tuuchapishe, maana simu ikizima chaji utamwonyesha nini afisa? Bima ya matibabu ni lazima tangu 2010. Kadi ya njano ya chanjo usiiache. Malaria hawana, walishaimaliza, wako kwenye orodha ya nchi zisizo nayo tangu 1973. Dengue ndiyo inawasumbua, kwa hiyo dawa ya mbu ya kupaka tunabeba vilevile.

Sasa suala la umeme. Koku alipoandika Oktoba 2024 kwamba nchi nzima imezima, ulidhani anatia chumvi. Tarehe 18 ule mtambo wa umeme wa Antonio Guiteras, kule Matanzas, ulitoka kwenye gridi ya taifa, na watu kama milioni 10 wakabaki gizani. Walikuwa hawajakaa sawa, Novemba 6 kimbunga Rafael kikaiangusha tena gridi. Ukiuliza sababu, kila mtu anakutajia moja kulingana na siasa zake: huyu atasema vikwazo vya Marekani vya tangu 1962, yule atasema serikali yao na mipango yake, mwingine mafuta ya Venezuela yaliyopungua na mitambo iliyozeeka. Kwangu mimi zote zimo. Na mafuta ya gari je? Machi 2024 petroli ilipanda kutoka peso 25 kwa lita hadi 132 kwa siku moja. Ndiyo maana Santiago nimeifuta. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Havana, na mimi sitaki kulala stendi ya ugenini nikisubiri basi lisilo na mafuta.

Nilipomsomea Mama mambo haya, hakushtuka hata kidogo. Alicheka, akasema, "Hiyo si ni Mwanza ya themanini na tatu?" Kisha akaanza. Wewe ni wa Bukoba, najua wazee wako wanayo yao ya vita vya Kagera. Mwalimu Nyerere aliomba watu wafunge mikanda miezi 18, ikapita na mikanda haikufunguliwa. Mama anakumbuka duka la kaya la bidhaa za mgawo, foleni ambayo ukichoka unaweka jiwe likushikie nafasi, majani ya mpapai badala ya sabuni, ugali wa yanga, yale mahindi ya njano, na sukari ya mlanguzi kwa bei ya kuruka. Vingine vilikuja usiku kwa mtumbwi kutoka upande wa Kenya, na kwa hayo hamtaji mtu jina mpaka leo.

Lakini kisa alichokikazania ni cha mgeni. Siku hizo alikuja ndugu wa baba kutoka nje ya nchi, mtu mzuri tu, mwenye zawadi ya kalenda. Kila siku akapikiwa wali. Kila asubuhi akawekewa kopo la sukari mezani, naye akachota vijiko vinne, akakoroga, akaonja, akaongeza cha tano. Watoto wamesimama mlangoni wanahesabu. Ile sukari Mama aliipata kwa kuuza kitenge chake. Mgeni hakujua, na hakuna aliyemwambia, maana mgeni haambiwi. Alipoondoka aliwasifu kwamba Tanzania shida zinasemwa tu, yeye alikula vizuri.

Basi, Adelina, mimi sitaki kuwa yule mgeni wa kalenda. Cuba wana daftari la mgawo tangu 1962, na siku hizi hata kilichoandikwa humo kinachelewa au hakiji kabisa. Nimependekeza tukae kwenye nyumba za watu wanaopangisha vyumba, wenyewe wanaita casa particular, si hotelini. Hoteli ina jenereta, sikatai, lakini hela ya chumba naona bora iingie mkononi mwa mama mwenye nyumba. Tukifika hatusemi tunataka kula nini. Tunamuuliza kuna nini, tunalipa chakula mbali na chumba, na mayai tukiyaona mahali tunanunua sisi na kuyapeleka jikoni kwake. Kopo la sukari likija mezani, kijiko kimoja. Nakujua.

Hela tubebe taslimu, euro, noti ndogondogo zisizochanika wala kuandikwa kalamu. Kadi za benki tusizitegemee: umeme ukikatika mashine nayo imekufa. Benki na mtaani viwango hupishana, na vijana watakufuata kukubadilishia. Huo ni ulanguzi kama wa kwetu wa zamani na sheria inaukataza, tusije tukamharibia Koku sherehe kwa kesi ya peso. Wenye nyumba wengi hupokea euro moja kwa moja. Peso tusibadilishe nyingi, ukitoka nazo nje ya nchi hakuna anayezitaka.

Begi sasa. Nguo kidogo, tafadhali, gauni la sherehe na za kubadilisha. Baada ya maandamano ya Julai 2021 serikali yao iliruhusu abiria kuingiza chakula, dawa na vitu vya usafi bila ushuru, na ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa muda. Tutaulizia ubalozini kama bado ipo. Mimi nabeba sabuni za kipande, dawa za mswaki, taulo za kike, panadol, ORS na plasta, kila kitu kwenye paketi yake yenye maandishi. Usianze kumimina vidonge kwenye chupa ya asali kama ulivyofanya safari ya Kampala. Tochi mbili za kuchaji na sola. Birika lako la umeme liache Bukoba: nyumba nyingi kule ni volti 110, litachelewa mno kuchemka, na plagi zao ni zile bapa za miguu miwili.

Wewe jukumu lako ni kahawa. Ya mgawo kule wanaichanganya na njegere zilizokaangwa ili itoshe, na watu wenyewe kahawa ndiyo damu yao. Leta robusta ya Kagera iliyokaangwa na kusagwa, kwenye mifuko iliyofungwa kiwandani. Ile kavu ya kutafuna mnayowapa wageni huko kwenu usilete, afisa wa forodha hatakuelewa ukimwambia ni heshima. Dagaa nao sibebi, hata ukinisihi; harufu yake itatutangulia Havana.

Nitumie nakala ya pasipoti yako kwa meli ya wiki hii, mpe yule kijana wa mizigo anayetujua, si mwingine. Na muulize Koku anavaa kiatu namba ngapi sasa. Ameniandikia vyake vimeachia soli na fundi hana gundi, na Mama ameshaanza kunisumbua tukachague sokoni Makoroboi kabla bei haijapanda.

Wasalimie wazee na shemeji, hata kama amenuna kwa ajili ya Miami.

Wako,
Kabula