Taarifa ya Mwenyekiti wa Umoja wa Wazazi na Walimu kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wazazi na walezi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu na wajumbe wa kamati ya shule, asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nianze na daftari moja. Siku ya wazazi wa darasa la tatu, mama mmoja alifungua daftari la mwanawe akakuta kila sentensi imeishia katikati. Nyumbani alikuwa akimchapa kwa uvivu. Darasani mtoto aliwekwa nyuma kwa sababu ni mrefu. Walipokaa benchi moja na mwalimu, mama akasema mtoto husogelea televisheni mpaka karibu aiguse, na mwalimu akasema hunakili kwa jirani. Kumbe mtoto haoni ubao. Alipimwa macho, sasa ana miwani na anakaa dawati la mbele. Mama huyo ameniruhusu niwaeleze, na ninamshukuru sana, maana aliniambia huku analia.

Kila upande ulikuwa na nusu ya habari. Hiyo ndiyo sababu tuliacha mkutano mmoja wa shule nzima, tukaanza siku za wazazi kwa kila darasa. Zamani tuliitwa shuleni kwa michango au kwa kesi ya mtoto. Elimu ilipofanywa bila malipo kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, wengi tuliona shule imekuwa ya serikali peke yake, ingawa Waraka Na. 3 wa 2016 ulieleza wazi wajibu wa wazazi pia. Sasa mwalimu anaonyesha daftari, mzazi anaeleza anayoyaona nyumbani, na wanakubaliana jambo moja la kufanya mpaka wakutane tena.

Mzazi asiyejua kusoma asione haya kuja. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili anahitaji mtu wa kumsikiliza akisoma jioni, kisha amwambie, "Haya, nisimulie." Bibi mmoja hufanya hivyo kila siku, na mwalimu ameona mabadiliko ya mjukuu wake.

Lipo tuliloshindwa, na ninalibeba kama mwenyekiti. Mtoto mmoja alitoka usaha masikioni kwa muda mrefu. Nyumbani alitiwa mafuta, darasani akaonekana mkaidi kwa kuwa haitiki akiitwa. Tulipojua, tulikuwa tumechelewa, naye ameshapungukiwa usikivu. Ndugu zangu, sikio linalotoa usaha ni la kupelekwa kituo cha afya, siku hiyohiyo.

Kwa wazazi wa darasa la sita wanaoingia la saba: kama mtoto ana uoni hafifu au ulemavu mwingine, mwambieni Mwalimu Mkuu mapema kabla ya usajili wa mtihani. Baraza la Mitihani huwaandalia wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa na wasioona karatasi za nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa vidole. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mzazi anayemficha mtoto kwa kuogopa maneno ya watu anamnyima dakika hizo.

Uji wa asubuhi unaendelea, na mweka hazina atasoma hesabu zake baada yangu.

Akina baba, bado mnakuja wachache. Msiwaachie mama na bibi. Mtoto akimwona baba yake ameinama juu ya daftari lake, hilo halisahau.

Walimu, mnafundisha watoto wengi mno katika chumba kimoja, na bado mlibaki jioni kutusubiri tutoke shambani na sokoni. Ahsanteni sana.

Karatasi za kujiandikisha kwa siku za wazazi za muhula ujao ziko kwa walimu wa madarasa. Ninaomba kila mmoja aandike jina lake kabla ya kuondoka, na pembeni aandike jambo moja aliloliona kwa mtoto wake ambalo mwalimu hajalijua.