Kabla ya Kuinua Bango, Mtazame Aliye Kando Yako

Wanangu na wajukuu zangu wa Jericho na mitaa jirani,

Nimewasikia mkipanga maandamano: tushuke Jogoo Road saa ngapi, nani abebe maji, nani aandike mabango. Wengine mtakuwa mnatoka kwa mara ya kwanza. Siwaandikii ili kuwazuia. Ibara ya 37 ya Katiba yetu imempa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Sheria inataka polisi wapewe taarifa angalau siku 3 kabla. Hiyo ni taarifa, si ombi, na mtakapoambiwa "hamna ruhusa" msijibu kwa matusi. Jibuni kwa nakala ya barua iliyogongwa muhuri kituoni.

Ninalotaka kuwaambia ni jambo moja, na nitalirudia kwa sababu naliona linasahaulika: mkifika pale, watazameni watu. Msiitazame simu tu, wala ukuta wa polisi tu. Mtazame aliye kulia kwako, aliye kushoto, na aliye nyuma yako.

Jumanne ya tarehe 18 Juni 2024 nilisimama Moi Avenue, karibu na jengo la Kumbukumbu za Taifa, Archives, saa kadhaa, nikitazama. Nilitarajia kuona yale tuliyozoea enzi zetu: mwanasiasa juu ya gari, kipaza sauti, na watu wamemgeukia yeye. Hakuwapo. Vijana walikuwa wamegeukiana wao kwa wao. Msichana mwenye begi la chuo alikuwa akimsomea mchuuzi wa maji vifungu vya Muswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, kutoka kwenye simu, na mchuuzi akamsimamisha na kumuuliza, "Hapo kwa gari wanasema nini?" Msichana akamweleza ile kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, polepole, mpaka akaelewa. Siku hiyohiyo kamati ya bunge ilitangaza kuliondoa pendekezo la kodi ya asilimia 16 kwenye mkate, na habari ile ilipita mdomo kwa mdomo barabarani kabla magazeti hayajachapwa. Palikuwa na vijana waliokuwa wameutafsiri muswada huo kwa lugha za nyumbani, na hata kwa lugha ya ishara. Katika maisha yangu ya ualimu sikuwahi kuona darasa la uraia kama lile.

Vitoa machozi vilipolipuka, mlinzi wa jengo moja alifungua geti la chuma akaingiza watu wengi kiasi alichoweza, kisha akalifunga na kusimama mbele yake kama kwamba hakuna kitu. Hakuwa na bango. Sikumsikia akisema neno lolote. Ukimuuliza mtu maandamano yalikuwaje, atakwambia habari za moshi na mbio. Mimi nitakwambia habari za mlinzi yule, kwa sababu bila watu kama yeye vijana wengi wangekanyagwa.

Sasa niwarudishe nyuma, kwani haya hayakuanza nanyi. Mwisho wa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye ile kona ya Uhuru Park ambayo leo inaitwa Freedom Corner. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Walikuwa wamepeleka ombi lao kwa Mwanasheria Mkuu, wakasema hawatakula wala kuondoka mpaka watoto wao 52 waachiliwe. Wengi wao walikuwa wamama wazee wa mashambani, wenye leso na vitambaa vya kichwa. Nilikuwa nikipita pale baada ya kazi.

Kilichonishika pale si hotuba. Ni jinsi umati ulivyokua. Siku ya kwanza watu walipita mbali, wakitazama kwa pembe ya jicho, maana tulikuwa tumefundishwa kwa miaka mingi kwamba anayesimama karibu na jambo kama lile huitwa na kuulizwa maswali. Kisha mmoja akasimama. Akaketi. Kufikia siku ya tatu walikuwa mamia, na ndipo likatokea ambalo hakuna aliyelipanga: wanaume walianza kusimama mmoja mmoja mbele ya wote na kusimulia waliyotendewa kizuizini. Mambo ambayo wengine hawakuwa wamewaambia hata wake zao. Sisi tuliokuwa tumeketi kwenye nyasi kazi yetu ilikuwa kusikiliza, tusigeuze nyuso. Niliwatazama wasikilizaji zaidi ya wasemaji. Niliona mtu akisikia habari ya kwake kinywani mwa mtu asiyemjua kabisa, na hofu ikimtoka usoni.

Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na vitoa machozi. Profesa alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya mama wale walivua nguo mbele ya askari, na kila aliyelelewa katika nchi hii anajua uzito wa laana hiyo. Kulikuwa na askari waliogeuza macho. Kisha mama wakahamia All Saints Cathedral, wakakaa huko karibu mwaka mzima, na mwanzoni mwa 1993 karibu watoto wao wote walikuwa wametoka. Waliwezaje kudumu? Mimi naamini ni kwa sababu walijuana. Kila mama alijua jina la mtoto wa mwenzake, na asipoonekana mmoja asubuhi, aliulizwa.

Hilo ndilo ninalowaomba. Mkifika mahali pa kukutania, muulize jina lake mtu aliye kando yako na anatoka mtaa gani. Watu kumi wanaojuana ndani ya umati wana nguvu kuliko mia wasiojuana. Wanaokuja kuharibu hutegemea ugeni wenu. Tarehe 17 Juni 2025 mliwaona wenyewe, wanaume wenye marungu na mijeledi wakiingia mjini kwa pikipiki na kuwapiga waandamanaji. Siku hiyohiyo mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani kwa karibu, mtu aliyekuwa akitafuta riziki, na baadaye akafa. Yule anayeingia katikati yenu na kuokota jiwe la kwanza hataki kuulizwa jina. Akirusha, ketini chini nyote na kuinua mikono, abaki amesimama peke yake mbele ya kamera. Mnajua kufanya hivyo, nimewaona mkifanya.

Kutazama pia kunaokoa uhai kwa namna ya kawaida kabisa. Watu wakizidi watano au sita katika mita moja ya mraba, mtu hatembei tena kwa hiari yake. Umati huenda kama maji na wewe umo ndani. Dalili ni kwamba unaguswa pande zote na kuinua mkono kunakuwa kazi. Ukifikia hapo, usisubiri. Weka mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usishindane na msukumo, sogea kwa mshazari kuelekea ukingoni kila msukumo unapolegea, na ujitenge na kuta na mageti. Aliyeanguka ainuliwe mara moja, na mpige kelele walio nyuma wasimame. Gesi ikija, msisugue macho. Nendeni upande upepo unakotoka, na panapoinuka, kwa sababu gesi ile hutuama chini, kisha mnawe kwa maji safi. Kabla ya yote hayo, ukifika tu, tazama njia mbili za kutokea. Vaeni viatu vya kufunga kamba.

Kuhusu simu. Rekodini, ndiyo. Video ndizo zilizofanya mambo mengi yasifichike. Lakini rekodini tendo, si nyuso za wenzenu. Kufikia Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni mwaka huo. Picha nzuri ya msichana anayecheka na bendera mabegani inaweza kuwa ndiyo inayowaonyesha watekaji mlango wake. Muulize kwanza. Akikataa, ifute akiona.

Mtazameni na askari. Najua wengine mtakasirika nikisema hivi, maana wapo waliozika. Tume hiyohiyo ilihesabu watu 39 waliokufa kati ya tarehe 18 Juni na Julai 1, 2024, na wengi wenu mlikuwa mjini tarehe 25 wabunge 195 walipoupitisha ule muswada dhidi ya 106 na risasi za moto zikaanza kulia. Sisemi muwapende. Nasema mumwone kila mmoja peke yake. Sheria inamtaka mwenye sare avae jina au nambari yake mahali panapoonekana, isome, uikariri. Aliyevua jina lake ana sababu. Na yuko yule kijana wa rika lenu, kofia imemlemea, aliyeshusha rungu na kumwachia mama mwenye mtoto njia. Yeye naye anastahili kuonekana, na ushahidi wenu utaaminika zaidi mkisema yote mliyoyaona.

Mwenzenu akikamatwa, aliye karibu apige kelele akiuliza jina lake na anapelekwa kituo gani. Ndiyo maana nataka mjuane mapema. Ibara ya 49 inampa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuzungumza na wakili na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Wakili hawezi kumfuata mtu asiyejulikana jina.

Mkirudi nyumbani, kabla ya kuingia mtandaoni kusoma wengine wanasema nini, keti uandike ulichoona wewe: mtaa, saa, nguo, nambari, maneno yaliyosemwa. Andika usiku huohuo, maana ukilala baada ya kutazama video hamsini, asubuhi hutajua kipi ulikiona kwa macho yako na kipi ulikiona kwenye skrini. Tia tarehe na sahihi. Kama kuna aliyeumizwa, karatasi hiyo ipelekwe IPOA, mamlaka huru inayowachunguza polisi, au kwa Tume, nawe ubaki na nakala. Anayetaka kusaidiwa kuyapanga maneno yake aje kwangu Jumapili baada ya ibada, mlango nitauacha wazi mpaka jioni.

Nyanya yenu, mwalimu mstaafu,
Jericho, Nairobi