Risala ya Wanawake Wakulima wa Mwani, Wilaya ya Micheweni, Pemba, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheha wetu, wazee wetu, wanakikundi wenzangu: Assalaam alaykum.

Ahsante kwa kuja. Salamu nyingine tunazifupisha, jua linapanda.

Mheshimiwa, ikitajwa saratani ya matiti, husemwa wanawake wa shamba hatuna elimu, ndiyo tukachelewa kupimwa. Hatukatai, ila si hilo tu. Mwenzetu mmoja alirudi pwani, anakoga chumvi, mkono ukagusa kitu kwenye ziwa lake. Kidogo, kama punje ya kunde, wala hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, akakiacha. Hapo kweli elimu ilikosekana: hakuna aliyemwambia kuwa uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, wala kwamba uvimbe mwingi wa matiti si saratani, na kuujua ni mpaka upimwe.

Yaliyofuata hayakuwa ujinga. Alimwambia mama yake, akasomewa, akanywa kombe, yale maji ya aya za Kurani zilizooshwa kwenye sahani. Mumewe yuko dago, kambi ya wavuvi ya mbali, ruhusa ataomba kwa nani? Nauli ilipopatikana, akakuta wa kumpima ni mwanamme; akajifunga buibui lake, akarudi. Mara ya pili miadi ikaangukia bamvua, siku bahari inapokupwa sana, nasi bamvua ndiyo riziki yetu, likipita mwani hauvuniki. Alipokuja kupimwa, ngozi ilishakuwa kama ganda la chungwa na chuchu imeingia ndani. Akavuka bahari mpaka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi. Yuko nasi leo, na ameturuhusu tuyaseme haya bila ya jina.

Khofu yetu kubwa, tuseme kweli, si sindano. Ni kukatwa ziwa, kisha kuandikiwa talaka. Waume zetu mliokaa kule nyuma, sogeeni msikie. Na nyinyi pia maradhi haya huwapata, ingawa kwa uchache.

Mheshimiwa, hatuombi jengo. Tunaomba nesi mwanamke aliyefunzwa kupima matiti, aje kituo chetu cha afya japo siku moja kwa mwezi. Tunaomba waume zetu waelezwe msikitini baada ya sala, kwani sisi tukiwaeleza jikoni hawatusikii. Na siku hiyo ya kupima iwe ya maji mafu, bahari isipokupwa sana, wakati sote tuko majumbani. Tarehe za maji mafu za miezi mitatu ijayo tumeziandika nyuma ya karatasi hii tunayokukabidhi.