Safari ya meli ihesabiwe kuanzia Kigoma

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako makala iliyowashauri wanaotaka kutalii kwa meli kubwa za baharini wajikatie wenyewe tiketi za ndege na wajitafutie usafiri wa kufika bandarini, badala ya kununua kila kitu kwa kampuni ya meli. Mwandishi alitoa mfano wa safari za Durban, Afrika Kusini, akaonyesha kwa jedwali fedha zinazookolewa, akamalizia kwa kusema kazi hiyo hata mwanafunzi wa sekondari mwenye simu anaiweza. Kuhusu simu sina ugomvi naye. Ninachogombana nacho ni kwamba safari yake nzima inaanzia Dar es Salaam, kana kwamba sisi wa huku huwa tunaamkia Kipawa, jirani na uwanja wa ndege.

Nisije nikaambiwa natetea tonge langu, naomba nijieleze. Nina kibanda cha uwakala wa tiketi hapa Mwanga, na kabla ya hapo nilikaa dirishani stesheni ya Kigoma nikikata tiketi za treni mpaka nilipostaafu. Anayejikatia tiketi kwa simu yake mimi hanipi hata senti. Lakini wengi huja kwangu baadaye, simu mkononi, wakitaka niwasomee walichonunua, na nawasomea bure kwa sababu ni watoto wa watu ninaowafahamu.

Hivi karibuni walikuja vijana wa Ujiji waliochangishana kumpeleka mama yao na dada yake kwenye safari ya meli ya siku chache kutoka Durban. Wazo zuri, mama yule amewasomesha kwa dagaa. Meli walilipia, tiketi za ndege wakakata wenyewe, bei waliyopata mimi nisingeipata. Nilipofungua tiketi nikakuta mama ameandikwa jina ambalo Ujiji nzima inamwitia. Pasipoti ina jina jingine kabisa, lile la kitambulisho cha taifa. Yule wa kaunta ya uwanja wa ndege hajawahi kukaa barazani Ujiji. Yeye analinganisha herufi na herufi. Na tiketi za bei ya chini ndizo zenye masharti magumu ya kubadili jina, kwa hiyo ule unafuu waliofurahia unaweza kuishia hapo hapo.

Kitu cha pili kilikuwa tarehe. Ndege ya kutoka Dar iliandikwa 00:50, tarehe 14. Kijana mkubwa alikuwa amepanga mama alale Dar usiku wa tarehe 14 kisha apande. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni saa saba kasoro dakika kumi za usiku wa kuamkia tarehe 14. Mama anatakiwa awe uwanjani tarehe 13 kabla ya saa nne usiku. Ukisubiri jioni ya tarehe 14, ndege itakuwa imeshakwenda na kurudi. Alinyamaza, kisha akaanza kupiga simu.

Hayo yanarekebishika mtu akiyawahi. Lisilorekebishika ni meli yenyewe, na hapo ndipo naona makala yako ilipita juu juu. Sisi watu wa ziwa tumedekezwa na Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa kwa vipande hadi hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikainuliwa na kurudi kazini 1927. Katika safari zake za Mpulungu, Zambia, ilikuwa inasimama mbali na ufuko, mitumbwi ikaifuata na abiria, mahindi na kuku, na ikichelewa siku nzima hakuna aliyeandika barua ya malalamiko. Mtu aliyekulia hapa akisikia meli inaondoka saa kumi jioni, moyoni anajua kuna muda.

Meli ya utalii haiko hivyo. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya kung'oa nanga. Mapokezi hufungwa mapema zaidi, kwa kampuni nyingi saa moja au moja na nusu kabla, kwa sababu orodha ya abiria lazima ifungwe na kupelekwa kwa mamlaka kabla meli haijaondoka. Ukifika gatini unaiona meli bado imefungwa kamba, ngazi iko chini, na bado hupandi. Hakuna nahodha wa kumbembeleza.

Mwandishi wako alisema anayeachwa anaweza kuifuata meli bandari inayofuata. Bahari ya Mediterania labda, ambako meli inaondoka mji huu leo na kesho iko mji mwingine wenye uwanja wa ndege na treni, ingawa huko nako Mtanzania aliyepewa viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara moja tu anaweza kujikuta ametoka na hawezi kurudi, meli ikipitia Uturuki, isiyomo katika viza hiyo. Lakini yeye alikuwa anazungumzia Durban! Safari fupi za Durban nyingi huelekea pwani ya Msumbiji, kwenye Kisiwa cha Wareno kilicho ghuba ya Maputo, au Pomene huko Inhambane. Huko abiria hushushwa kwa boti ndogo wakaogelee na kula nyama choma. Ni mchanga na maji, hakuna ndege ya abiria itakayokushusha hapo ukutane na meli yako. Safari ya siku tatu au nne ukiachwa Durban, imekwisha. Na kwa masharti ya kawaida ya kampuni hizi, asiyetokea kwenye gati hadai nauli yake.

Sasa tofauti ya kujikatia mwenyewe na kukatiwa na kampuni ya meli iko hapa, wala si bei tu. Aliyenunua ndege kupitia kampuni, ndege ikichelewa, kumfikisha kwenye meli au bandari ya mbele ni kazi ya kampuni. Aliyejikatia, mzigo ni wake. Na ndani ya kujikatia kuna aina mbili ambazo watu hawazitofautishi. Kuna tiketi moja yenye ndege mbili au tatu chini ya namba moja ya tiketi, na kuna tiketi mbalimbali ulizookota huku na huku kwa sababu kila moja ilikuwa na ofa. Wazee wa reli watanielewa: treni ya Mwanza na ya Kigoma zilikuwa zikiunganishwa Tabora kwenda Dar, na ya Mwanza ikichelewa, sisi wa Kigoma tulikaa Tabora tukinunua asali mpaka ifike. Tiketi ya namba moja ni hiyo. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linawajibika kukutafutia nafasi nyingine. Tiketi zilizotengana hazina Tabora. Shirika la pili halijui kwamba ulikuwa njiani. Linajua hukutokea, linafunga kiti chako, na mara nyingi linakufutia na cha kurudi kilichomo katika tiketi hiyo.

Mzee mmoja wa Kasulu na mkewe yaliwakuta. Tiketi zao zilikatwa na mpwa wao aliyeko Dar, moja ya Kigoma hadi Dar, nyingine ya Dar hadi Johannesburg, ya tatu ya Johannesburg hadi Durban, kila moja mahali pake, kila moja rahisi. Shirika la ndege ya kwanza likasogeza ratiba kutoka asubuhi hadi alasiri. Taarifa ilitumwa, sikatai. Ilitumwa kwa namba ya simu na barua pepe iliyoandikwa wakati wa kukata, yaani ya mpwa, ambaye alikuwa amebadilisha laini. Wazee walifika uwanja wa Kigoma alfajiri na masanduku yao wakakuta askari na paka. Walifika Dar jioni, ndege ya Johannesburg ilikuwa imeondoka mchana. Wakanunua tiketi nyingine kwa bei ya siku hiyo hiyo, wakatua Durban meli ikiwa baharini tangu jana yake. Walikaa kwa ndugu wa kanisa siku kadhaa, wakarudi. Mzee yule bado hataki kuisikia habari ya bahari. Mama ndiye anayesema watajaribu tena.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayejikatia, na narudia kwamba kujikatia si vibaya: hesabu kuanzia gatini kurudi nyuma, usihesabu kuanzia nyumbani kwenda mbele. Meli inaondoka Ijumaa mchana. Basi Alhamisi usiku ulale Durban, si njiani kwenda Durban. Kuna saa za uhamiaji Johannesburg, maana anayetoka nje ya nchi hugongewa muhuri pale, huchukua begi lake, hupita forodha, kisha hulikabidhi tena kwa ndege ya ndani. Mwenye tiketi zilizotengana aipe kazi hiyo muda wa saa nne na asiombe msamaha kwa mtu. Kwa hiyo Dar unaondoka Alhamisi mapema au Jumatano. Na kama ni hivyo, Kigoma unaondoka siku moja kabla ya hapo. Huo usiku wa Dar na ule wa Durban ni sehemu ya nauli. Katika jedwali la makala yako nyumba ya kulala wageni haikuwa na hata mstari mmoja.

Wapo watakaosema waende na treni mpaka Dar ili waokoe. Naipenda reli kuliko mtu yeyote atakayeisoma barua hii, lakini tuseme ukweli. Kutoka hapa hadi Dar ni kilomita zipatazo 1,250. Msimu wa meli za Durban ni miezi ya joto ya kule, kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili, na hiyo ndiyo miezi yetu ya mvua, ambayo mto ukifurika kati ya Kilosa na Gulwe reli huondoka na tuta lake. Treni ya umeme inayofika Dodoma tangu 2024 inafupisha kipande cha mwisho tu. Kufika Dodoma kwenyewe ni juu yako. Ukitaka kwenda kwa treni au basi, nenda wiki nzima kabla, usalimie ndugu Mbagala.

Kuhusu usafiri wa kutoka uwanjani hadi bandarini, hapo nakubaliana na mwandishi wako, tena kwa nguvu. Uwanja wa King Shaka uko kama kilomita 35 kaskazini mwa jiji la Durban, na basi la kampuni ya meli lina maana kwa anayetua siku hiyo hiyo. Aliyelala mjini tayari yuko karibu na gati, teksi ya kuita kwa simu inamtosha. Ila kama anayesafiri ni bibi asiyejua Kiingereza na hana mtu wa kufuatana naye, lipieni hilo basi bila kubishana bei. Kupokewa na mtu aliyeshika karatasi yenye jina lako ni jambo kubwa ukiwa ugenini. Na wanaouziwa meli ya Roma au London wafungue ramani kwanza: ya Roma inapakia Civitavecchia, kama mwendo wa saa moja kwa treni kutoka jijini, na zile za London nyingi zinaondokea Southampton, ambayo ni safari nyingine.

Kurudi ni rahisi zaidi, lakini msikate ndege ya asubuhi. Meli hufunga gati alfajiri, halafu abiria hushuka kwa makundi kufuatana na rangi za karatasi zilizofungwa kwenye mabegi, na uhamiaji una foleni yake. Ndege ya kuanzia mchana. Ukichelewa kurudi umechelewa kazini tu.

Mengine ni madogo lakini yana gharama: pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele, namba ya simu kwenye tiketi iwe ya msafiri mwenyewe au ya mtu anayepokea simu, na anayenunua bima ya safari asome kama inamlipa aliyeachwa na meli akiwa na tiketi zilizotengana. Nyingi zina sharti la muda wa chini kati ya ndege na ndege.

Namwomba mwandishi wako, kwa heshima, alirudie jedwali lake. Aweke safu ya Kigoma, ya Mpanda na ya Bukoba, ndani yake nauli ya kufika Dar, malazi ya Dar na malazi ya Durban, kisha alinganishe na bei ya kifurushi cha kampuni. Inawezekana bado kujikatia kutashinda. Mimi nadhani kutashinda, kwa kiasi kidogo kuliko alichoandika. Akikwama kwenye nauli za huku, wakala yeyote wa Mwanga atamsaidia.

Karani mstaafu wa tiketi,
Mwanga, Kigoma.